Soran Bushi ni ya Hokkaido au Aomori? Jibu kwa mwalimu wa kwaya

*Kwaya yetu ya vijana imealikwa kuimba kwenye siku ya utamaduni wa Japani. Tumepewa nyimbo tano za jadi: Sakura Sakura, Soran Bushi, Tanko Bushi, Sado Okesa na Takeda no Komoriuta. Waandaaji wanataka programu ioneshe kila wimbo umetoka mkoa gani. Kila nikitafuta napata jibu jingine. Soran wengine wanasema ni ya Hokkaido, wengine Aomori. Tanko Bushi inataja Miike, lakini nimesoma kwamba imetoka Tagawa. Sado ni kisiwa, ila kuna walioandika kwamba wimbo wake ulitoka Kyushu. Nimwamini nani? Halafu, tukiziimba kwa sauti nne kama tulivyozoea, tutaziharibu? Na je, upo ambao haufai kuimbwa mbele ya Wajapani?*

Mwalimu, hapo hakuna aliyekudanganya. Anayekuambia Hokkaido na anayekuambia Aomori kila mmoja anajibu swali lake. Wimbo wa kazi wa Kijapani una mahali sauti yake ilikoanzia, una mahali ulikofanyiwa kazi, na una mahali ulikopewa umbo hili unalolisikia kwenye rekodi. Ni nadra hayo matatu yakawa kijiji kimoja. Programu yako ina nafasi ya mkoa mmoja tu, na ndipo vurugu inapoanzia.

Nadhani kilichokuchanganya zaidi ni maneno ya nyimbo zenyewe. Umeona Miike kwenye ubeti, ukasema basi wimbo ni wa Miike. Kwa nyimbo hizi ushahidi huo ni dhaifu, na sababu yake iko kwenye mizani. Beti nyingi za min'yo, ndivyo Wajapani wanavyoziita nyimbo za jadi za watu wa kawaida, zina mizani 26: saba, saba, saba, kisha tano. Ubeti wowote wa kipimo hicho unaingia kwenye sauti nyingine ya kipimo hicho bila kukatwa wala kuvutwa. Baharia akisikia ubeti mtamu kwenye bandari moja, anautia kwenye wimbo wa kwao, anabadilisha jina la bandari, kazi imekwisha. Kwa hiyo ukitaka kujua wimbo umetoka wapi, maneno yaweke mwisho. Anza na vibwagizo na viitikio, kwa kuwa hivyo ndivyo visivyobadilika upesi. Kisha uliza wimbo ulikuwa unafanya kazi gani, na watu wa kazi hiyo walitoka wapi.

Tuujaribu utaratibu huo kwa Soran Bushi, maana huu ndio wenye historia iliyo wazi kuliko yote.

Kila mwaka majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Mei, samaki aina ya heringi (Wajapani humwita nishin) walikuwa wakija kwa makundi makubwa kutaga mayai kwenye mwani karibu na pwani ya magharibi ya Hokkaido, sehemu za Shakotan, Yoichi na kuendelea kaskazini. Mwaka 1897 walivuliwa karibu tani milioni moja. Hawakuwa wa kula tu. Wengi walichemshwa na kukamuliwa mafuta, makapi yakakaushwa na kupelekwa mashamba ya kusini kama mbolea. Wenye nyavu hawakuwa na watu wa kutosha, kwa hiyo waliajiri vibarua wa msimu kutoka kaskazini mwa kisiwa kikuu: Aomori, Akita, Iwate. Vibarua hao waliitwa yanshu, na kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao.

Uvuvi wenyewe ulikuwa na hatua nne, kila hatua na wimbo wake. Wa kwanza ni wa kupiga makasia kuelekea kwenye nyavu. Wa pili ni wa kuinua wavu mkubwa. Wa tatu ni wa kuchota samaki kutoka kwenye wavu na kuwamimina mashuani kwa chandarua kikubwa chenye mpini, kinachovutwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wa nne ni wa kupiga nyavu kwa fimbo ili mayai yaliyoganda yadondoke. Soran Bushi ni ule wa tatu. Samaki walikuja usiku, maji ni baridi kali, na kazi haikusimama mpaka wavu uishe. Mmoja akivuta kabla ya wenzake, chandarua kinapinda na samaki wanarudi baharini. Kiongozi akatoa ubeti, mara nyingi wa kubuni papo hapo na mara nyingi wa matusi ya kuchekesha ili watu wasisinzie, na wenzake wakaitikia kwa nguvu kwenye mvuto. Ile "dokkoisho" unayoisikia mwishoni ni sauti ya mtu anayenyanyua mzigo.

Sasa Aomori inaingiaje? Watafiti wengi huunganisha sauti ya Soran na wimbo wa kupakua mizigo melini katika bandari ya Noheji, mkoa wa Aomori. Na hilo ndilo ungelitegemea, ukikumbuka vibarua walitoka wapi. Sauti ni ya wasafiri. Kazi, vibwagizo na umbo ni vya pwani ya Hokkaido. Kwenye programu andika Hokkaido, na ukiwa na nafasi ya mstari mmoja zaidi, itaje Noheji.

Jambo moja hapa ulichunguze kabla ya mazoezi: mmepewa Soran ipi? Heringi walitoweka katikati ya miaka ya 1950, na wimbo ukabaki bila kazi. Toleo la haraka lenye gitaa na ngoma, ambalo vijana hucheza wakiwa wamechuchumaa karibu na sakafu, lilikuja kutambulika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia shule moja mjini Wakkanai, kaskazini kabisa mwa Hokkaido. Ni zuri kwa jukwaa, ila ni dansi ya kisasa. Ukiliita "wimbo wa wavuvi kama ulivyoimbwa", Mjapani yeyote aliyepita shule ya msingi atatabasamu.

Tanko Bushi nayo ina kesi yake, na hii imebishaniwa sana Japani kwenyewe. Ni wimbo wa mgodi wa makaa ya mawe. Ulikua kwenye eneo la Tagawa, mkoa wa Fukuoka, kwenye migodi ya Mitsui, hasa shimo la Ita, na waliouimba walikuwa wanawake waliochambua mawe kutoka kwenye makaa juu ya ardhi. Bomba refu la moshi linalotajwa kwenye ubeti maarufu linafanana na mabomba mawili ya Ita yaliyokamilika mwaka 1908, yenye urefu wa mita 45 na ushei, na bado yamesimama. Miike ni mgodi mwingine wa kampuni hiyohiyo, uliokuwa Omuta, upande wa kusini wa mkoa uleule na kuingia Kumamoto. Wimbo ulipoenea nchi nzima kwa redio na rekodi baada ya vita, toleo lenye jina la Miike ndilo lililoshika, na ubeti ukakaa hivyo. Migodi ya Mitsui ya Tagawa ilifungwa 1964, ya Miike 1997. Andika Tagawa, Fukuoka. Wala msibadilishe neno Miike mnapoimba. Ndivyo watu wanavyoujua.

Kwa Sado Okesa inabidi upande meli. Kuanzia enzi za Edo (1603–1868) mpaka Meiji (1868–1912), meli za kibiashara zilizoitwa kitamaebune zilitoka Osaka, zikapita bahari ya ndani, zikazunguka na kupanda Bahari ya Japani hadi Hokkaido. Kwenda zilipakia mchele, chumvi, pombe na nguo. Kurudi zilileta mwani na ile mbolea ya heringi. Kwa kawaida zilifanya safari moja kwa mwaka. Siku nyingi zilikwisha bandarini kungoja upepo, na kungoja upepo maana yake ni vilabu vya pombe, wanawake wa kuimba, na nyimbo kubadilishana mikono. Wimbo uitwao Haiya Bushi, wa bandari ya Ushibuka kwenye visiwa vya Amakusa, mkoa wa Kumamoto huko Kyushu, ulipanda na meli hizo. Ndugu zake wako kila ulikopita: Aiya Bushi ya Tsugaru, huko Aomori, ni mmojawapo, na Okesa ni mwingine. Lakini ukizisikiliza Haiya na Sado Okesa zikifuatana hutaamini ni ukoo mmoja. Haiya ni ya kilabuni, inakimbia na shamisen, ala ya nyuzi tatu, inachapa. Okesa imetulia, mwendo wake ni wa kuburuta mguu, kwa sababu ilikaa muda mrefu kwenye mji wa Aikawa, kwenye mgodi wa dhahabu wa Sado, ikawa wimbo wa wachambuaji wa mawe yenye dhahabu kabla ya kuwa wa ngoma. Umbo la leo lilitengenezwa hapo Aikawa, likasambazwa kwa rekodi katika miaka ya 1920. Kwa hiyo andika kisiwa cha Sado, mkoa wa Niigata. Aliyekuambia Kyushu alikuwa anakutajia babu wa wimbo.

Sakura Sakura haina haja ya mjadala mrefu. Si min'yo. Ni kipande cha mjini, cha enzi za Edo, kilichotumika kufundishia wanaoanza kupiga koto (ala ndefu ya nyuzi), na mwaka 1888 kikachapishwa kwenye kitabu cha mafunzo ya koto huko Tokyo. Hakina mkoa kwa maana unayoitafuta, wala hakina kazi. Kiimbeni tu, na programu iseme "wimbo wa koto wa mjini, enzi za Edo".

Wakati ukiangalia hilo, usidhani kila kitu kinachoitwa min'yo ni cha kale kisicho na mwenyewe. Tokyo Ondo, inayochezwa kila majira ya joto, ilitungwa na Nakayama Shinpei kwa maneno ya Saijo Yaso mwaka 1932 na kupewa jina lake la sasa mwaka uliofuata. Chakkiri Bushi ya Shizuoka, yenye maneno ya chai na machungwa, ilitungwa 1927 kwa agizo la kampuni ya reli iliyotaka kutangaza bustani yake ya burudani. Yaani ni tangazo la biashara lililogeuka fahari ya mkoa. Mkiongezewa nyimbo dakika za mwisho, mtunzi ndiye wa kuulizwa kwanza.

Takeda no Komoriuta ndio jibu la swali lako la tatu. Unaweza kuimbwa, ila usiingie nao jukwaani kichwa kichwa. Takeda ni mtaa wa Fushimi, mjini Kyoto. Jina linasema ni wimbo wa kubembeleza mtoto, lakini anayeimba si mama. Ni msichana mdogo wa familia maskini aliyepelekwa kulea mtoto wa watu, analalamika kwamba mtoto halali, kwamba mwili wake unakonda, kwamba anatamani kwao. Japani ina nyimbo nyingi za namna hiyo. Ya Itsuki, mkoa wa Kumamoto, ni dada yake. Tatizo la Takeda ni kwamba mtaa wenyewe ni wa jamii ya buraku, watu waliotengwa kwa vizazi kutokana na kazi na ukoo wa mababu zao, na ubaguzi huo haukuisha ingawa tabaka hilo lilifutwa kisheria mwaka 1871. Kikundi cha Akai Tori kilipoutoa kwenye santuri mwaka 1971 ulipendwa nchi nzima, kisha vituo vya utangazaji vikaukwepa kwa miaka mingi, si kwa sababu ya tusi lolote bali kwa kuogopa kugusa kidonda. Siku hizi unaimbwa tena wazi. Ushauri wangu: muulize mwandaaji wa Kijapani mapema, umwambie mnajua unahusu nini. Mkiruhusiwa, wakanye vijana wasiuimbe kwa kutabasamu na kuyumbayumba. Huyo ni mtoto aliyechoka.

Sasa sauti nne. Jibu la haki ni kwamba Wajapani wenyewe wanazo nyimbo hizi zilizopangwa kwa kwaya, sauti nne na zaidi, na hakuna atakayeudhika. Kinachoharibu ni kupachika akodi za tenzi tulizozoea. Soran Bushi inatumia noti tano, kwa solfa ni l d r m s, na inatulia kwenye l. Mwalimu akiona l anawaza ufunguo mdogo, anawapa alto na tenori ile sol iliyopandishwa, yaani se, ili akodi ya tano "irudi nyumbani". Noti hiyo haimo kwenye wimbo. Mara moja tu ikisikika, pwani ya Hokkaido imekwisha, mko kanisani. Sakura inatumia ngazi nyingine, m f l t d, yenye hatua ndogo za nusu zinazoipa ule uchungu wake wa mjini. Ukiiwekea d m s chini yake uchungu unayeyuka. (Mkipata wimbo wa Okinawa siku nyingine mtakutana na d m f s t, na beti za mizani nane, nane, nane, sita. Hao ni watu wa Ryukyu, wana jadi yao, msiwachanganye na hizi.)

Kwa kwaya ya vijana ningefanya hivi. Soran: kiongozi mmoja peke yake kwenye beti, bila kinanda. Wengine wote waingie kwenye viitikio kwa sauti moja, wavulana chini, wasichana juu kwa oktavu. Mkitaka uzito, besi washike l na m tu, bila kuhama. Ngoma moja kubwa inatosha. Mwendo mpimeni kwa mwili: kila mmoja ashike mpini wa ufagio kwa mikono miwili, avute kutoka mbele ya magoti mpaka kiunoni kwenye kila pigo zito, kisha aurudishe mbele. Mikono isipowahi kurudi kabla ya pigo linalofuata, mnakimbia mno, na kwa kwaya za vijana karibu kila mara ndivyo inavyokuwa. Punguzeni mpaka mvuto ukamilike. Sauti itoke kifuani, koo likiwa wazi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya maji. Sauti nyembamba ya kichwani haifai hapa.

Yale mapambo madogo ya sauti mwishoni mwa vokali, yanayoitwa kobushi, yaacheni kwa sasa. Anayeyaiga kutoka kwenye rekodi bila kufundishwa huishia kutetemesha noti nzima, ilhali waimbaji wa Kijapani hutikisa mkia wake tu. Mstari ulionyooka unapendeza kuliko pambo la kubahatisha.

Matamshi yatawafaa, kwa sababu vokali tano za Kijapani ni kama zetu. Kinachowaangusha watu ni hesabu ya mizani. Vokali ndefu ni mizani mbili, na karatasi nyingi za nota hazioneshi urefu huo. Nayo n inayofunga silabi ni mizani kamili, sawa na m ya "mtu". Kwa hiyo Soran ni so-o-ra-n, mizani nne; Tanko ni ta-n-ko-o, nne pia. Mkiimba "So-ran" kwa mizani mbili, maneno yatawahi kuliko noti, mtaanza kuvuta pasipotakiwa. Waimbaji wa zamani hutamka g ya katikati ya neno kama ng' ya ng'ombe. Kijana mwenye sikio akiiweza, vizuri, asiyeweza asilazimishwe.

Tanko Bushi ningeicheza badala ya kuisimamia. Huchezwa kwa duara kwenye Bon, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, katikati ya Agosti, na hatua zake ni kazi ya mgodini. Chimba mara mbili kulia na mara mbili kushoto, tupa mzigo juu ya bega moja kisha jingine, kinga macho kwa mkono huku ukirudi nyuma hatua mbili, sukuma toroli mara mbili, fungua mikono, malizia na makofi. Vijana wataishika kwa kipindi kimoja, na wageni wa Kijapani watainuka waingie kwenye duara. Waachieni nafasi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Wakiwaomba muongeze Esashi Oiwake, kataeni kwa adabu mpaka mpate mwalimu ana kwa ana. Wimbo huo ulianza kama wimbo wa wachunga farasi wa mizigo wa Shinano, leo mkoa wa Nagano, ukapitia Niigata, ukapanda meli hadi mji wa Esashi huko Hokkaido. Hauna mapigo ya kuhesabu, na ubeti mkuu wa mizani 26 huimbwa kwa pumzi saba, kila pumzi ikiwa na mawimbi yake yaliyopangwa. Esashi kuna mashindano ya kitaifa ya wimbo huo mmoja tangu 1963. Chama cha Nihon Min'yo Kyokai, kilichoanzishwa 1950, kina walimu. Njia ya karibu zaidi kwenu ni kupitia kitengo cha utamaduni cha ubalozi wa Japani. Na kama baada ya mazoezi ya Soran kijana anabaki na koo linalouma au sauti inayokwaruza hadi kesho yake, mpumzisheni; isiporudi baada ya wiki mbili, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Mkipata mpiga shakuhachi (filimbi ya mwanzi) wa kuwasindikiza, mwambieni mapema mnaimba kwenye ufunguo gani. Filimbi ya kawaida, ya sentimita 54 na nusu, ina D kama noti yake ya chini, na kila urefu wa sentimita 3 hivi ukiongezeka hushusha karibu nusu hatua. Akija na moja tu na nyinyi mmefanya mazoezi kwa E, mtakaohama ni nyinyi.